Milavenda ya Njia ya Chini

Mabasi ya Tolley,
Dudley
12 Aprili 1976

Kwa Bi. Lacon,

Sitakuuliza hali, maana barua yako ya mistari minne haikuniuliza yangu. Unasema kiangazi hiki bustani ya Hollin Court haitapokea basi letu. Husemi kwa nini. Nimeifanya kazi hii ya kutembeza watu kwenye bustani za wakubwa tangu nikiwa na basi moja bovu lililovuja, na nimekataliwa na wenye majumba makubwa kuliko lako, lakini wote walinipa sababu, hata kama ni ya uongo.

Nimepiga hesabu zangu nikakosa kosa. Watu wangu hawatupi takataka. Hawachomoi vijiti vya kwenda kupanda kwao na kuvificha ndani ya miavuli, kama wanavyofanya wale wastaarabu wa Cheltenham. Chai yenu wanaisifu, ingawa sote tunajua ni maji ya moto yaliyosikia habari za chai. Kweli, Julai iliyopita Bi. Fellows alimwaga birika na kukazuka ugomvi wa saa nzima mle kwenye banda la chai, lakini meza ilikuwa yako, na ilikuwa na miguu mitatu mizima.

Hata hivyo si basi linalonifanya nikuandikie. Nikikosa Hollin Court nitawapeleka kwingine. Nakuandikia kwa ajili ya baba yangu.

Enoch Tolley unamjua. Alikuwa mkuu wa bustani yenu tangu wewe hujaota meno. Marehemu mumeo alipoiuza nyumba yetu ya getini kwa daktari wa meno, Baba alipewa wiki sita za kuhama na zawadi ya saa ya ukutani, na ukuta wa kuitundika hakuna. Sikuyasema hayo wakati ule kwa sababu yeye alinikataza. Sasa nayasema.

Yuko nyumba ya wazee, Netherton. Macho yamebaki ya kutofautisha mchana na giza tu. Kifua kimechoka. Daktari aliniita ukumbini akaniambia nisitegemee majira ya baridi. Na kitu anachoomba ni kimoja: Julai, asimame katikati ya milavenda ya njia ya chini, ile mimea ya maua yenye harufu aliyoipanda mwaka niliozaliwa, ya rangi nzito, aliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu. Mwaka jana nilipomleta alirudi kwenye basi akipiga mluzi. Sikuwa nimeusikia mluzi ule tangu tuondoke getini. Mikono yake ilinukia wiki nzima, na alimkataza muuguzi asiioshe.

Mtu mmoja, Julai, siku yoyote utakayotaka. Naomba, na mimi si mtu wa kuomba.

Beryl Tolley

*

Hollin Court
20 Aprili 1976

Mpendwa Bi. Beryl,

Asante kwa barua yako. Majira ya baridi yamepita bila mvua ya maana, kisima chetu kimeshuka, na inasemekana tutakatazwa kumwagilia kwa mpira. Njia ya chini haiko katika hali ya kuonwa na mtu.

Ningependa kuja Netherton kumwona Enoch, kama utaniruhusu. Natuma kopo la jamu ya zambarau aliyokuwa akiipenda.

Tafadhali usimwambie kwamba nimekataa. Mwambie ni ukame.

Rosamund Lacon

*

Dudley
9 Mei 1976

Kwa Bi. Lacon,

Jamu imefika. Baba ameila kwa kidole, akasema mwaka huu umeipunguzia sukari. Hilo limekwisha.

Sasa haya mengine. Jana nimenunua kijitabu cha bustani za wilaya zitakazofunguliwa kiangazi, na nimeiona Hollin Court imeandikwa kwa wino mweusi: Jumapili, tarehe 13 Juni, chai na skonzi zitauzwa, watu wote mnakaribishwa. Kumbe ukame wenu unachagua watu! Wanaokuja na magari yao hauwahusu. Wanaokuja na basi kutoka Dudley ndio wanaokausha kisima.

Nilikionyesha kijitabu kwenye basi tukielekea Ludlow. Bi. Fellows akasimama na mfuko wake mapajani ukaanguka. "Jamani, sisi tunanuka?"

"Wewe Gilda unanuka, lakini wote tumeshazoea," dereva akamwambia.

"Basi ni mimi niliyewafungia bustani. Haya, nitupeni hapo njiani."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nimekulia kwenye geti la nyuma la ile nyumba yako, Bi. Lacon. Siku za wageni, Mama alikuwa akianua nguo, akituingiza ndani na kushusha pazia, sisi watoto wa mtunza bustani, ili wageni wasione chupi zetu kwenye kamba wakadhani maua yanaota kwa jasho la mtu. Nilifikiri mambo hayo yamekwisha. Nilipopata basi la kwanza, safari ya kwanza niliwaleta kwako, nikapita geti kubwa, nikalipia kama mtu. Unajua nilivyojisikia siku ile? Hujui.

Usije Netherton. Baba akikuuliza habari za milavenda yake utamjibu nini?

Beryl Tolley

*

Hollin Court
17 Mei 1976

Mpendwa Bi. Beryl,

Ni kweli, sijui ningemjibu nini. Ndiyo maana sijaja bila ruhusa yako.

Una haki ya kukasirika. Nakuomba tu usimlete.

R. L.

*

Dudley
14 Juni 1976

Bi. Lacon,

Jana nilikuja. Sikuja na basi. Nilivaa kofia ya dada yangu, nikapanga foleni getini na watu wa maana, nikaingia.

Wewe ulikuwa juu kwenye waridi, umezungukwa. Ulikuwa umekonda, nikakusikitikia kwa dakika moja. Kisha nikateremka kuelekea njia ya chini, nikakuta kamba imefungwa mti hadi mti. Nikamwendea yule mama anayeuza skonzi, mnene, mwenye aproni ya rangi ya machungwa.

"Dada, mbona kule chini kumefungwa? Kuna nyoka?"

"Nyoka wa wapi! Mwenye nyumba hataki watu wapite."

"Kwa nini?"

"Mpenzi, mimi niko kwenye skonzi. Ukiniuliza zabibu nitakujibu. Mambo ya kamba muulize aliyeifunga."

"Si ndiko iliko milavenda?"

Akanitazama. Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Ilikuwako," akasema.

Nikaruka kamba. Nina miaka hamsini na moja na goti bovu, na nimeruka kamba kwenye bustani niliyozaliwa, kama mwizi.

Kokoto. Toka ile nguzo ya saa ya jua hadi kwenye ukuta, pande zote mbili, kokoto za kijivu zimesawazishwa kwa reki. Hata shina moja hukuacha. Hata alama ya mashimo. Umeng'oa kazi ya maisha ya mtu ukamwagia mawe, kisha ukamtumia jamu.

Nilijua mna uwezo wa kumtoa mtu ndani ya nyumba. Sikujua mnaweza kumtoa hata ardhini.

Jioni nilipita Netherton nikamwambia Baba. Ndiyo, nilimwambia. Uliniomba nimdanganye kuhusu ukame, na nilidanganya miezi miwili kwa ajili yako, bila kujua ninamficha nini. Aliuliza kama ni pande zote mbili. Kisha akasema, "Bi Rosamund amefanya hivyo? Basi ana sababu." Nikamwambia sababu yake ni kwamba kokoto hazihitaji mtunza bustani. Akageukia ukutani.

Furahi.

Beryl Tolley

*

Hollin Court
18 Juni 1976

Bi. Beryl,

Ni kweli. Niliing'oa katikati ya Mei, mimi na kijana kutoka shambani. Kokoto niliagiza mimi.

Sina la kujitetea. Mwambie Enoch nasikitika kuliko ninavyoweza kuandika.

Rosamund Lacon

*

Netherton
27 Juni 1976

Kwa Bi Rosamund,

Hii ni barua ya Enoch Tolley. Anayeandika ni Beri, kwa kuwa mimi siwezi tena, na nimemwambia aandike ninavyosema, asitie chumvi yake.

Joto huku halisemeki. Wametuvua fulana wote, tumekaa barazani kama kuku walionyonyolewa. Mzee mmoja wa kitanda cha pili kila asubuhi anaomba koti. Wewe u mzima? Beri anasema umekonda. Kula. Ulikuwa mtoto wa kula, ulikuwa unamaliza matunda yangu mabichi kisha unalala kwenye toroli ukishika tumbo, na mimi ndiye niliyekuwa nikisukuma toroli mpaka mlango wa jikoni na kusingizia jua.

Sasa haya ya milavenda. Beri ananiambia umeing'oa na kumwaga kokoto. Amekasirika sana, unamjua, toka mdogo alikuwa akikasirika huanza kuhesabu vitu kwa sauti. Mimi nimemwambia Bi Rosamund hang'oi kitu kilicho hai. Kwa hiyo imekufa. Kama imekufa niambie imekufaje, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka jana niliiacha nzuri.

Beri hajui, sikumwambia, angenigombeza. Ile siku tulipokuja na basi, wao walikuwa wanagombania birika kule bandani. Mimi nikashuka njia ya chini polepole, ukuta mkononi. Nikaipapasa. Mama yangu! Imerefuka, imelala huku na huku kama nywele za mvulana asiye na mama. Nikasema huyu Bi Rosamund hana mtu wa kumsaidia siku hizi. Nikaenda kibanda cha zana, na makasi yangu makubwa yalikuwa palepale, kwenye msumari wake. Hakuna aliyeyahamisha miaka yote hiyo. Nilifurahi sana kwa jambo hilo.

Nikaipunguza yote. Kulia, kisha kushoto. Macho hayakunisaidia, lakini mikono inajua. Nilishuka nikashuka mpaka vidole vilipogusa mti mgumu, imara, nikasema hapo, hapo pamekaa sawa, mwaka ujao itatoka minene. Mistari ilinyooka, nina hakika. Niliipima kwa kiganja kila hatua.

Kwa hiyo si uzee wake. Niambie ni nini. Usiogope kunihuzunisha, nimeshazika mimea mingi.

Mtumishi wako,
E. Tolley

Bi. Lacon, hapa chini ni maneno yangu. Amelala.

Kalamu ilinikwama pale kwenye mti mgumu, akaniuliza, "Umeandika?" nikamwambia nimeandika.

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa nilichukua makasi nikapunguza kichaka kimoja cha lavenda karibu na mlango wetu, nikashuka chini ya majani, kwenye mti wa kijivu. Ndiyo mara pekee aliyowahi kunipiga. Alinishika mkono na kuuweka pale nilipokata. "Chini ya jani la mwisho hakuna kitu. Haichipui tena. Hapa hujaipunguza, hapa umeiua." Kila kijana aliyefanya kazi chini yake alifundishwa hivyo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Naye hakumbuki. Amenisimulia kwa raha, anatabasamu.

Ulimwona akiikata? Nijibu hilo mimi. Yeye mjibu chochote unachotaka, isipokuwa la makasi.

B. T.

*

Hollin Court
2 Julai 1976

Mpendwa Enoch,

Ulivyoiacha ilikuwa nzuri. Mistari ilinyooka kama ulivyosema.

Niliiua mimi. Mwezi wa kumi na moja mfereji wa uani uliziba, nami nikaona nifanye ujanja: nikachimba njia ndogo ya maji, yateremke kupitia kando ya ukuta. Sikufikiri yanaishia wapi. Yalituama kwenye mizizi majira yote ya baridi. Nilipogundua ilikuwa imeshaoza. Niliona aibu kukuambia, nikaficha kwa kokoto, kama nilivyokuwa nikificha vikombe nilivyovunja.

Nisamehe.

Rosamund

*

Hollin Court
2 Julai 1976

Mpendwa Beryl,

Barua iliyo ndani ya hii msomee. Hakuna mfereji ulioziba, na wala majira ya baridi hayakuwa na maji ya kuozesha kitu. Atajua, au hatajua.

Ndiyo, nilimwona. Nilikuwa kwenye dirisha la ngazi. Nilisikia mluzi kwanza. Niliposikia mluzi ule nilikuwa tena mtoto, nikadhani nimechelewa kifungua kinywa. Nikatazama, naye alikuwa amefika nusu ya mstari wa kulia. Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaona kijivu pale palipotakiwa kubaki kijani.

Nilishuka. Nilifika mpaka kwenye saa ya jua, karibu naye kuliko mlango wa chumba ulivyo karibu na kitanda. Alikuwa amevua koti, amelitundika pale alipokuwa akilitundika siku zote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nyumba tulimnyang'anya, Beryl. Sikusema neno siku ile mume wangu alipotia sahihi. Nilikwenda kupanga maua ya mezani. Sikuweza kumwendea tena, mzee yule, na kumnyang'anya makasi mkononi. Kwa hiyo nilisimama nikamtazama akiua mstari wa pili, ambao bado ungeweza kupona. Nilisubiri chipukizi mpaka Mei. Kila asubuhi nilipiga magoti kutazama. Hakikutoka kitu.

Nilifunga njia ili asije akaipapasa tena. Hilo tu ndilo nililojua la kufanya.

Nilidhani ni afadhali unichukie mimi. Kwa hilo nina mazoea.

Rosamund

*

Dudley
6 Septemba 1976

Kwa Bi. Lacon,

Nimechelewa kukujibu. Unajua nilikuwa na shughuli gani, maana ulikuja mazikoni. Nilikuona kanisani, nyuma kabisa, karibu na mlango, na ulipoondoka kabla ya chai sikukufuata. Mvua ilikuwa imeanza. Watu wote walikuwa nje wameinua nyuso, kiangazi kizima walikuwa wakiisubiri, na mimi nikawaza: siku nne. Angesubiri siku nne tu angeisikia paani.

Barua yako nilimsomea mwanzoni mwa Julai. Nilipofika kwenye maji alinikatiza. "Rudia hapo." Nikarudia. Akaanza kucheka mpaka muuguzi akaja, na kifua chake kile. "Maji! Lavenda na maji! Nilimwambia akiwa na miaka sita, haipendi miguu iliyolowa, nikamwambia kama paka! Hajawahi kunisikiliza, yule binti, hata siku moja." Alikugombeza mpaka chakula cha jioni. Kesho yake akaniamuru nimsomee tena, akakugombeza upya. Akawaeleza wazee wote barazani. Yule wa koti akasema, "Mwanamke mjinga sana huyo," na Baba akamkaripia, "Wewe nyamaza, humjui, ana moyo."

Hivyo ndivyo alivyokwenda, anakuonea hasira na kukutetea. Siku moja tu, karibu na mwisho, aliniuliza, "Beri, mwaka jana Novemba mvua ilikuwepo?" Nikamwambia ilikuwepo, nyingi. Akasema, "Haya." Akafumba macho. Sijui alikuwa anajumlisha nini. Nimekuwa nikipiga hesabu tangu utoto, na hiyo sijaipatia jibu.

Sasa nitakuambia la kwangu, maana nisipolisema litanioza. Ulitakiwa kumzuia. Mstari wa pili ungepona, umesema mwenyewe. Angekasirika nusu saa, ungemshika mkono, ungemwita jina lake, na Julai hii angesimama mahali pake akanusa kitu kilicho hai. Badala yake amekufa akinusa dawa ya sakafu. Mwezi mzima nimekuwa nikikulaumu hivyo, nikiendesha basi, nikioga, nikilipa watu mishahara. Halafu nafika pale anapopiga mluzi, na koti limetundikwa, na ninajiweka mimi kwenye saa ya jua. Nafungua mdomo. Kila mara nafungua mdomo, na bado sijajisikia nikisema neno.

Kwa hiyo sijakusamehe, wala sina mahali pa kuiweka hasira yangu. Ujue tu hivyo.

Jana nilikwenda kuchukua vitu vyake. Mfuko mmoja. Saa ya ukutani ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi lake. Na lile koti lake alilolitundika bustanini, ambalo halikuvaliwa tangu siku ile. Kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na kishada amekifunga kwa kamba ya bustani, fundo lake lile la mara mbili. Nilijua ni nini kabla sijakitoa.

Maua yamepukutika, yamebaki vumbi la zambarau mfukoni. Lakini vijiti vipo, virefu, vya kijani juu na kijivu chini. Nilivipeleka dirishani nikatazama mahali makasi yalipopita. Nilitaka kuona mikono ya mzee aliyechanganyikiwa, mipasuko, nyuzi zilizoraruka. Hakuna. Kila kimoja kimekatwa kwa mshazari, safi, mara moja, vyote kwa kimo kimoja.

Nakutumia nusu yake. Usivitie kwenye maji.

Beryl